Usiku wa zimwi la bajeti ndogo: namna ya kuitazama vizuri filamu ya kutisha ya zamani ukiwa nyumbani Mwanza

Filamu ya zimwi iliyotengenezwa kwa fedha kidogo huharibiwa na mambo matatu: mwanga unaoingia chumbani, mazungumzo yasiyosikika, na mtazamaji aliyekaa peke yake huku simu iko mkononi. Filamu ya fedha nyingi inaweza kuvumilia yote hayo. Hii haiwezi. Zimwi lake limefichwa gizani kwa makusudi kwa sababu vazi lake halihimili mwanga mkali, na hadithi yake inabebwa na watu walioketi chumbani wakizungumza huku wakisubiri dude lifike. Giza likikosekana, zimwi limekwisha. Maneno yasiposikika, hadithi imekwisha. Wengi wanaosema filamu hizi ni mbovu walizitazama saa nane mchana, pazia wazi, sabufa ikiunguruma.

Maelezo haya ni ya kuandaa usiku mmoja kwa watu sita hadi ishirini, sebuleni au uani, Mwanza mjini au popote kando ya ziwa.

Filamu ya kuanzia

Anza na The Killer Shrews ya mwaka 1959. Ilitengenezwa Texas na kuongozwa na Ray Kellogg, ni ya picha nyeusi na nyeupe, urefu wake dakika 69. Nahodha wa boti ya mizigo anapeleka mahitaji kisiwani kwa daktari mtafiti, kimbunga kinamzuia kuondoka, na usiku anafahamu kwamba utafiti ule umezaa virukanjia (shrews, wanyama wadogo wanaofanana na panya wenye pua ndefu) wakubwa wenye njaa wanaozunguka nyumba. Mtu aliyewahi kulala Nansio, kisiwani Ukerewe, bila kupanga kwa sababu ziwa limechafuka ataielewa filamu hii kuanzia dakika za kwanza, na ndiyo maana tunaipendekeza huku kuliko nyingine yoyote.

Hao virukanjia, zinapoonyeshwa picha za mbali, ni mbwa halisi waliovishwa manyoya bandia. Picha za karibu ni vichwa vya vikaragosi vyenye meno marefu, vinavyochezwa kwa mkono. Waambie wageni wako jambo hili kabla filamu haijaanza. Halipunguzi hofu hata kidogo. Mtu anayejua kwamba ni mbwa huacha kupoteza muda kubahatisha, akaanza kutazama kazi: kamera imekaa wapi, mbwa wamepitishwa nyuma ya nini, picha imekatwa lini kabla mkia haujaonekana.

Kellogg huyohuyo aliongoza The Giant Gila Monster, iliyotoka mwaka huohuo na kuonyeshwa sambamba na hii. Ina dakika 74. Humo mjusi hai anatembezwa katikati ya nyumba, magari na reli za kuchezea watoto ili aonekane mkubwa. Ya tatu ya kuweka akiba ni Attack of the Giant Leeches, 1959, dakika 62, kuhusu ruba wakubwa wa kinamasi cha Florida. Wavuvi waliozoea kung'oa ruba miguuni watakuwa na mengi ya kusema. Night of the Living Dead ya George A. Romero, 1968, ni kubwa kuliko zote hizi kwa ubora, lakini ina dakika 96 na ni nzito. Ipe usiku wake peke yake, na watoto wasiwepo.

Chagua siku kwa kutazama mwezi

Kama unaonyesha ndani ya nyumba, ruka sehemu hii. Kama ni uani au ufukweni, siku utakayoichagua ina uzito kuliko projekta utakayoikodi.

Siku za giza, mwezi ukiwa haupo, zinaonekana kufaa, na ndizo zinazowaponza wengi. Kwanza, wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, kwa hiyo nusu ya watazamaji wa mwaloni hawapo. Pili, makundi makubwa ya wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji, mara nyingi hutokea siku za karibu na mwezi mchanga. Hawaumi, lakini hufuata mwanga, na katika giza lile mwanga mkubwa kuliko wote ni wa projekta yako. Watajaa kwenye lenzi, watavutwa na feni, na shuka litakuwa na madoa yanayotembea.

Mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wako nchi kavu, wadudu wamepungua, ila mwezi unachomoza jua linapozama na kuliangaza shuka lako hadi weusi wote unakuwa kijivu.

Suluhisho liko katikati. Baada ya mwezi kukamilika, kila siku unachelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50. Siku tatu baadaye, yaani tarehe 17 au 18 ya mwezi mwandamo, Mwanza utauona unatoka saa tatu usiku na kitu. Giza la kutosha linaingia kwenye saa moja na nusu. Hapo katikati kuna zaidi ya saa moja na nusu ya giza safi, wavuvi wengi wapo nyumbani, na filamu ya dakika 69 iliyoanza saa 1:40 inakwisha saa 2:49. Ndiyo sababu tunasisitiza filamu fupi. Ile ya dakika 96 itakutwa na mwezi.

Epuka pia miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, labda kama una ukumbi. Juni hadi Agosti ni kukavu na usiku una baridi kidogo. Waambie watu waje na khanga au shuka la kujifunika.

Kwa wadudu wachache watakaokuja hata hivyo, washa taa nyeupe yenye nguvu mita 15 hivi kutoka shukani, pembeni, isiwaangalie watazamaji. Wengi watakwenda huko. Projekta usiifunge kitambaa wala soksi kwenye matundu ya feni. Itapata joto na kujizima katikati ya filamu. Tengeneza kihema cha chandarua juu ya fito nne, chenye nafasi ya sentimeta 30 kila upande, na mbele ya lenzi acha tundu linalotosha mwanga tu kupita. Mbu ni habari nyingine, nao wanauma kweli: nguo za mikono mirefu, na watoto wapakwe dawa.

Nakala nzuri na nakala mbaya

Nchini Marekani The Killer Shrews haina tena mwenye hakimiliki, kwa hiyo kila mtu ameitoa, na nakala nyingi zimenakiliwa kutoka nakala iliyonakiliwa. Kabla hujaikubali, fungua sehemu yoyote ya usiku na uangalie mambo mawili. La kwanza ni nywele za waigizaji. Kama zimekuwa doa jeusi moja lisilo na mistari, nakala imeungua na hakuna kitufe cha rimoti kitakachoirekebisha. La pili ni vichwa. Kama vimekatwa juu kwenye kila picha, mtu ameipanua ili ijaze TV pana. Iache. Matoleo ya filamu hizi yaliyotiwa rangi nayo tunayakataa. Taa za filamu hizi zilipangwa kwa ajili ya weusi na weupe, na rangi za kupakwa baadaye hufuta vivuli ambavyo zimwi limejificha ndani yake.

Urefu huwachanganya watu. Ukikuta DVD imeandikwa dakika 66 badala ya 69, usidhani imekatwa. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na mfumo wa PAL unaotumika kwetu huzionyesha kwa 25, hivyo inakimbia kwa asilimia 4 na sauti zinapanda kidogo. Dakika 74 za mjusi zinakuwa 71. Ikipungua zaidi ya hapo, ndipo ujue kuna kitu kimeondolewa.

DVD kutoka Marekani ina namba ya eneo 1, Afrika yetu ni 5. Deki nyingi za bei nafuu husoma zote, lakini jaribu siku mbili kabla, isiwe saa ya watu kukaa. Diski za Marekani pia ni za mfumo wa NTSC. TV bapa hazina shida nazo. TV ya chogo inaweza kupandisha picha juu bila kutulia: ingia kwenye mipangilio ya deki, sehemu ya aina ya TV, uweke PAL au otomatiki. Ikitulia lakini bila rangi, umepona, maana filamu yenyewe haina rangi.

Diski ikiruka, ifute kwa kitambaa laini cha pamba kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Ukiifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo mpya utafuata njia ya kusomea na kuharibu kipande kirefu. Mafuta ya vidole yanatoka kwa maji yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Dawa ya meno usiiguse. Diski ikisimama nusu sekunde mara moja tu katikati ya filamu na kuendelea, haina kasoro: ni ya tabaka mbili, na jicho la deki linahama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Zile zenye mgongo wa zambarau au bluu zimechomwa nyumbani au kibandani, na jua la dirishani linaziua taratibu. Ziweke kabatini.

Kama filamu iko kwenye flashi, matatizo ni manne na yote yana dawa:

TV haioni flashi kabisa: huenda imeformatiwa kwa mfumo ambao TV hiyo haiujui. Iformati upya kwa FAT32, ukijua kwamba humo faili moja haliwezi kuzidi GB 4.

Picha ipo, sauti hakuna: sauti ya faili ni ya mfumo wa DTS au AC3 na TV haina leseni yake. Ibadilishe iwe AAC kwenye kompyuta, picha usiiguse.

Sauti ipo, picha nyeusi: picha ya faili imebanwa kwa mfumo wa H.265 na TV ni ya zamani. Tafuta la H.264.

Maandishi ya chini hayatokei: faili la .srt lazima liwe na jina lilelile la filamu, herufi kwa herufi, na likae folda moja nayo.

Mkanda wa video wa zamani ukiupata, ufungue mlango wake mdogo na uangalie ukingo wa utepe. Unga mweupe ni ukungu, jambo la kawaida kwa vitu vilivyokaa karibu na ziwa. Usiuingize kwenye deki, maana utachafua vichwa na kuambukiza kila mkanda utakaofuata.

Picha

Rekebisha TV mchana huohuo, baada ya kukifanya chumba kiwe giza. Zima kila kitu ambacho TV inajisifu nacho: kulainisha mwendo (motion smoothing), kupunguza chembe (noise reduction), kuongeza ukali (sharpness), rangi za moto (vivid). Kulainisha mwendo huifanya filamu ya 1959 ionekane kama taarifa ya habari. Kupunguza chembe kunaunganisha manyoya ya bandia na giza la nyuma yake, na hapo ndipo mnyama anapogeuka kuwa mbwa aliyefungwa gunia. Ukali uweke karibu na sifuri. Umbo la picha liwe 4:3, na mistari myeusi kushoto na kulia iachwe ilivyo. Nyuso zikionekana pana kuliko kawaida, kuna mtu ameinyoosha.

Mwangaza una utaratibu wake. Simamisha filamu kwenye tukio la usiku lenye mtu aliyevaa koti. Pandisha mwangaza hadi uone mikunjo ya koti, kisha uteremshe polepole mpaka ile mistari ya pembeni iache kuwa kijivu. Simama hapo. Matukio mengi ya usiku katika filamu za namna hii yalipigwa mchana kisha yakatiwa giza, kwa hiyo ukiona kivuli kikali cha jua ardhini wakati watu wanasema ni usiku wa manane, TV yako haina kosa.

TV ya inchi 32 inatosha watu wanane waliokaa mita mbili. Zaidi ya hapo tafuta projekta, na namba iliyochapishwa kwenye boksi la projekta ndogo za bei nafuu usiiamini. Pima kwa macho: kama picha ya upana wa mita 1.5 inasomeka vizuri, usiitanue hadi mita tatu ili kuwafurahisha watu wa nyuma, kwa sababu ukizidisha upana mara mbili mwanga unagawanyika kwa nne. Afadhali waliokaa nyuma wasogee mbele kwenye mkeka.

Shuka jeupe la mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja linafaa likiwa zito na halina maua. Shuka jepesi hupitisha nusu ya mwanga nyuma yake, kwa hiyo litundike mara mbili au uweke kitambaa cheusi nyuma. Juu na chini shona upindo wa kupitisha fito. Ile ya chini iwe nzito, mbao ya inchi mbili kwa mbili ya urefu wa shuka, maana upepo wa jioni kutoka ziwani huchelewa kutulia na shuka likipepea nyuso zote zinapinda. Usilitoboe matundu ya kupitisha upepo. Ukuta uliopigwa lipu na rangi nyeupe isiyong'aa unashinda shuka lolote.

Ndani ya nyumba ziba madirisha kwa blanketi, khanga haitoshi. Vitaa vya sabufa vinavyowakawaka kwa rangi saba viwekee kipande cha utepe mweusi wa gundi. Inaonekana ni jambo dogo mpaka uone taa ya kijani ikicheza dari nzima wakati nahodha anasikiliza mikwaruzo ukutani.

Sauti

Hapa ndipo wengi wanapopoteza filamu bila kujua. Sauti ya filamu hizi ni ya mkondo mmoja, imerekodiwa kwa maiki chache, na karibu kila kitu muhimu kiko katikati ya besi na sauti nyembamba, mahali sauti ya mtu ilipo. Sabufa yetu imetengenezwa kwa ajili ya bongo fleva. Ukiiacha ilivyo, ngurumo za kimbunga zitajaa nyumba na maneno yatazama.

Punguza besi hadi robo au chini ya hapo. Pandisha treble (sauti nyembamba) kidogo, mpaka herufi s na t zisikike wazi bila kuchoma masikio. Zima kitufe chochote chenye jina la sauti ya kuzunguka. Spika ndogo ziweke usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, chini ya picha au pande zake mbili, kwa umbali usiozidi upana wa picha. Spika ikiwa nyuma ya watu, akili haikubali kwamba maneno yametoka mdomoni mwa yule aliye mbele.

Bati bila dari na mvua ni mwisho wa mazungumzo. Mvua ikianza kwa nguvu, simamisha filamu. Kupandisha sauti kushindana na bati kunawachosha watu na kupasua spika, na mvua kubwa ya Mwanza mara nyingi haikai muda mrefu.

Umeme

Usipange usiku huu bila akiba. Hesabu ni hii: TV ya inchi 32 wati 50, deki 15, sabufa kwa sauti ya wastani 40, jumla 105. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu, zinabaki 600, na inveta inakula kama sehemu moja ya saba, zinabaki 510 hivi. Gawa kwa 105 unapata karibu saa nne na dakika 50, filamu mbili na nafasi. Betri ya ampea-saa 50 inatoa nusu yake, na bado filamu moja inatosha.

Umeme ukikatika, chomoa kila kitu kabla haujarudi. Unaporudi huja na mshtuko, na deki za bei nafuu hufia hapo. Subiri dakika tano ndipo uchomeke. Ukiwa unatumia betri tangu mwanzo, ondoa wazo la kubadilisha katikati, maliza filamu nayo.

Mtafsiri

Kama wageni wako hawafuati Kiingereza, maandishi ya chini yatawatoa macho kwenye picha, tena filamu hizi ni za kutazama pembe za picha. Dawa tunayo tangu zamani. Mabanda umiza ya nchi hii yalikuzwa na sauti za watafsiri, na jina la Lufufu bado linatajwa. Tafuta mtu mmoja mwenye sauti tulivu na kumbukumbu nzuri, umpe maiki.

Lazima aitazame filamu mara mbili kabla. Mara ya kwanza kama mtazamaji. Mara ya pili na kalamu, akiandika muda wa kila tukio na sentensi moja ya nini kinasemwa. Asijaribu kutafsiri kila neno, hatafika. Nusu ya kwanza ya The Killer Shrews ni watu wanakunywa na kuelezana utafiti. Hapo ana kazi nyingi, na anaweza kufupisha dakika tatu za sayansi kwa sentensi nne: daktari alitaka kuwafanya viumbe wawe wadogo ili chakula kiwatoshe, wachache wakatoroka, wakakua, wakamaliza kila kilichoweza kuliwa kisiwani. Majina ya Kiingereza ayaache, aseme nahodha, daktari, binti, mchumba mwoga.

Kuna mahali lazima anyamaze. Sekunde kumi kabla ya mnyama kuonekana, kimya. Daktari mmoja anapoumwa na kirukanjia, akajua sumu imeingia, anaketi na kuandika dalili zake mwenyewe kadiri zinavyomjia mpaka mauti. Hilo ni tukio bora kuliko yote humu, halikugharimu chochote zaidi ya meza na mwigizaji, na mtafsiri akilizungumzia juu yake ameliua. Atangulize sentensi moja, “anajiandikia kifo chake,” kisha aweke maiki chini. Na sehemu ya mapipa ya chuma mwishoni haihitaji neno hata moja. Mtoto wa miaka kumi ataielewa.

Jambo jingine asilipite kimya: Rook, msaidizi mweusi wa nahodha, ndiye anayeuawa kwanza. Filamu nyingi za Marekani za wakati ule ziliwafanyia hivyo waigizaji weusi. Watazamaji wa Mwanza wataliona wenyewe na kusema. Waachwe waseme.

Maiki isielekezwe kwenye spika, itapiga mluzi. Mtafsiri akae nyuma ya mstari wa spika, pembeni, aione picha bila kuwaziba watu. Mtu wa pili ashike rimoti na kushusha sauti ya filamu kidogo mtafsiri anapozungumza, airudishe akinyamaza. Kazi hii ya rimoti mpe mtu makini, maana ndiyo inayotofautisha tafsiri na kelele.

Chakula

Walishe watu kabla. Sato na sangara gizani ni hatari ya miiba, basi. Wakati wa filamu toa karanga, bisi, na dagaa wa kukaanga wakavu, nusu kilo kwa watu wanane, waliokamuliwa limau na kunyunyizwa pilipili. Tumia mabakuli ya plastiki, siyo mifuko ya nailoni inayochakarisha.

Filamu ikianza

Simu zote zikae kikapuni au mfukoni. Eleza kwa dakika mbili: mwaka, urefu, na kwamba wanyama ni mbwa. Waambie pia kwamba dakika 25 hivi za mwanzo zina mazungumzo mengi na kwamba kila kitu kinachosemwa humo, ukuta wa udongo, sumu, njaa ya wanyama, kitatumika baadaye. Watu wakijua hivyo husikiliza.

Ruhusu watu wapige kelele kwa zimwi, wamwonye nahodha, wamzomee mchumba mwoga. Filamu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kundi, na ukimya wa msikitini au kanisani hauzifai. Ila mtu anayecheka kila kitu kuanzia mwanzo ili aonekane mjanja anawanyima wenzake hofu. Mweke karibu nawe na umwambie kwa upole. Kicheko kizuri kipo, nacho huja baada ya mshtuko.

Usisimamishe filamu kueleza mbinu. Maelezo yangoje.

Ikiisha, washa taa moja tu na urudie picha mbili au tatu ukizisimamisha. Chagua moja ya mbali yenye kundi likikimbia, watu watafute miguu ya mbwa chini ya manyoya. Kisha ya karibu yenye meno yanayotafuna ukuta, muulizane mkono wa mchezaji uko wapi. Vijana wanaopenda kurekodi kwa simu wakae mbele wakati huu, kwa sababu somo lote la kutengeneza filamu kwa fedha kidogo limo humo: onyesha kidogo, kata mapema, acha sauti imalizie. Wakitaka kujaribu wenyewe, damu ya Night of the Living Dead ilikuwa sharubati ya chokoleti, na kwa picha nyeusi na nyeupe hakuna anayetambua.

Kama mko ndani ya nyumba, ambako mwezi hausumbui, na betri inaruhusu, ile ya ruba ya dakika 62 inaweza kufuata, lakini watoto wapelekwe kulala kwanza. Kama umemaliza, izime projekta kwa kitufe chake na usiichomoe mpaka feni isimame yenyewe. Taa yake ikipoa bila feni, maisha yake yanafupika. Shuka likunjwe likiwa kavu. Umande wa ziwani ukilikuta limekunjwa litatoka ukungu, na mwezi ujao litakuwa na madoa katikati ya picha.

Ukianza kutoza watu mlangoni, hata shilingi mia tano, hapo umeshatoka kwenye utazamaji wa nyumbani na kuingia kwenye biashara ya banda. Kabla ya tangazo la kwanza, pita kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako uulize vibali.